LL.M. au J.D.? Wakili wa Afrika Mashariki mbele ya mlango wa Marekani

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba una LL.B., shahada ya kwanza ya sheria, na sasa unakwenda Marekani kuchukua LL.M., atakupa mkono wa pongezi: umepanda ngazi. Mwambie unakwenda kuchukua J.D., atakuuliza imekuwaje urudi kuanza moja wakati mahakamani wanakuita wakili msomi mwaka wa sita sasa. Wote wawili wanapima kwa mizani ya huku. Kule herufi hizo zimepangwa vingine.

LL.M. ni Kilatini, Legum Magister, umahiri wa sheria. L zimekuwa mbili kwa sababu neno liko katika wingi, kama ilivyo kwenye LL.B. J.D. ni Juris Doctor. Neno "daktari" hapo lisikutishe, kwa maana hiyo ndiyo shahada ya msingi ya sheria Marekani. Mmarekani hasomi sheria akitoka sekondari. Humaliza kwanza shahada nyingine, iwe historia au uhasibu, ndipo anaingia miaka 3 ya sheria. Zamani na wao walitoa LL.B. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza na J.D. kilipofungua shule yake ya sheria mwaka 1902, wengine wakafuata polepole, Yale ikabadilisha mwaka 1971. Masomo yalibaki yale yale, cheti kikapata jina kubwa. Ndiyo maana hutasikia wakili wa huko akiitwa Dokta kwa sababu ya J.D. Anayetaka udaktari wa utafiti ana shahada yake nyingine, S.J.D.

LL.M. kwa upande wake ni mwaka mmoja wa masomo, kwa kawaida krediti 24, na haidai ule mtihani wa kuingilia wa LSAT. Kwa Mmarekani ni shahada ya kubobea, mara nyingi kwenye sheria za kodi. Kwa aliyesoma nje ni daraja, na daraja huulizwa linafika ng'ambo ipi.

Hapo wengi huteleza. Marekani haina leseni moja ya uwakili ya nchi nzima. Kila jimbo lina masharti yake na mtihani wake wa uwakili (wenyewe huuita "bar", na ukimwambia mjomba unakwenda kufanya mtihani wa baa atakuombea dua). Majimbo mengi yanataka J.D. kutoka chuo kilichoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA. Kwa mwenye LL.M. mlango umefungwa au umeachwa upenyo tu. California ina njia yake: wakili mwenye leseni halali ya kwao anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani bila kusoma hata siku moja Marekani. Lakini mlango unaopitwa na wageni wengi ni wa New York, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Kanuni yenyewe ni namba 520.6 ya Court of Appeals, ambayo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo. Ile inayoitwa Supreme Court huko iko chini yake, usiniulize kwa nini. Kanuni inatazama kwanza kama elimu yako inakufaa kuwa wakili katika nchi ulikosoma. Kisha inauliza mambo mawili. La kwanza ni muda: je, ulisoma sheria kwa kipindi kinacholingana na cha wenzao, yaani miaka 3 hivi ya kukaa darasani? La pili ni asili: je, nchi yako inafuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, unaojengwa na hukumu za mahakama?

Kwa swali la pili, Mtanzania na Mkenya wana majibu yenye tarehe. Sheria ya Tanzania Bara inapokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ya Kenya inataja 12 Agosti 1897. Tarehe ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau ndizo zinazomweka upande huu wa mstari. Wakili wa Bujumbura au Lubumbashi, aliyesomea mfumo uliorithiwa kutoka Ubelgiji, yuko upande wa pili.

LL.M. inaziba pengo moja tu kati ya hayo mawili. Wakili wa Lubumbashi aliyekaa darasani miaka ya kutosha ana pengo la asili, na LL.M. italiziba. Aliyesoma LL.B. ya miaka 2 Uingereza kwa kuwa alikuwa na shahada nyingine ana pengo la muda, naye LL.M. itamfaa. Mwenye mapengo yote mawili hata LL.M. ya chuo gani haimvushi. Na waliosoma kwa masafa wawe macho, maana New York haiyahesabu masomo ya sheria ya kutumiwa kwa posta kama masomo ya darasani.

Sasa rudi kwa Mtanzania au Mkenya mwenye LL.B. ya darasani ya miaka 4. Hana pengo la muda, hana pengo la asili. Kwa kanuni hiyo anaweza kukubaliwa kufanya mtihani wa New York bila LL.M. yoyote. Nalirudia kwa sababu ofisi za udahili hazina haraka ya kulisema: kuna mawakili wanaolipa ada, ambayo kwenye vyuo vyenye majina inapita dola 70,000 kwa mwaka, ili kupata ruhusa waliyokuwa nayo tangu siku ya mahafali.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuomba tathmini kwenye Bodi ya Watahini ya New York, kabla hujamlipa mtu yeyote. Bodi inataka transkripti, uthibitisho wa shahada, na ushahidi kwamba elimu hiyo inatosha kukufanya wakili kwenu. Transkripti haipokelewi mkononi mwako. Chuo kinaituma chenyewe moja kwa moja. Anayemjua msajili wa chuo cha huku anajua maana yake: barua, simu, kurudi wiki ijayo, muhuri uko safarini na bosi. Anza mwaka mmoja kabla. Na kama una LL.B. lakini hujapita mafunzo ya uwakili ya Law School ya Tanzania au Kenya School of Law, kile kipengele cha ushahidi ndicho cha kuulizia mapema.

Hata mwenye sababu nzuri ya kuchukua LL.M. anaweza kuiharibu mwenyewe wiki ya kujisajili. Ndani ya zile krediti 24, New York inataka 2 za maadili ya uwakili, 2 za utafiti na uandishi wa kisheria, 2 za utangulizi wa sheria za Marekani, na 6 za masomo yanayotahiniwa. Ukijaza mwaka mzima haki za binadamu na usuluhishi wa kimataifa, utavaa joho kama wenzako, ila kwenye mtihani hutaruhusiwa kuketi.

Mtihani wenyewe ni siku 2: insha 6, kazi 2 za vitendo, na maswali 200 ya kuchagua jibu yanayofanywa kwa saa 6, chini ya dakika 2 kwa swali. Alama za kufaulu New York ni 266 kati ya 400, na kuanzia Julai 2028 jimbo hilo litahamia mtihani mpya uitwao NextGen. Waliosoma nje hufeli zaidi kuliko wenye J.D., na akili si sababu. Chukua mfano wa ardhi. Wakili wa Mwanza ameishi na Sheria ya Ardhi ya 1999: ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, mwananchi ana hati ya miaka 33, 66 au 99. Kule anakutana na mtu anayemiliki kiwanja milele, akiwarithisha wajukuu ambao hawajazaliwa kwa masharti ya karne nne zilizopita, na anatakiwa kusema nani mwenye haki kabla dakika mbili hazijaisha. Mwenye J.D. alilizoea hilo mwaka wa kwanza. LL.M. ya miezi tisa haina nafasi ya kulirudia.

J.D. ni gharama mara tatu, lakini inafungua majimbo yote 50, na inafungua ajira. Kampuni kubwa za uwakili huko huwachukua vijana kupitia kazi za likizo kubwa, wakiwa bado wanafunzi, ilhali wa LL.M. anafika Agosti na anaondoka Mei. Kuna njia ya mkato: ABA inaruhusu chuo kuhesabu masomo yako ya sheria ya nje hadi theluthi moja ya J.D., kwa hiyo vyuo kadhaa huimaliza kwa miaka 2. Wengine huanza LL.M. na kuomba kuhamia J.D. wakiwa ndani. Kwa wenye viza ya mwanafunzi, shahada zote mbili hutoa kibali cha kufanya kazi cha miezi 12 baada ya kumaliza; kile cha ziada wanachopata wahandisi, sheria haina.

Kwangu mimi, anayekusudia kurudi Nairobi au Arusha kufanya mikataba na usuluhishi achukue LL.M., tena kwa ufadhili. Mwenye mke na watoto Columbus, Ohio, na makazi ya kudumu, asidhani leseni ya New York itamruhusu kusimama kwenye mahakama za Ohio kutetea kesi ya talaka. Uhamiaji ni kesi nyingine. Hiyo ni sheria ya shirikisho, na mwenye leseni ya jimbo lolote anaweza kumwakilisha mteja mbele ya mahakama za uhamiaji popote nchini, mradi asijitangaze kuwa wakili wa jimbo analoishi. Kwa wakili anayezungumza Kiswahili, katika mji uliopokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, kazi hiyo inatosha kuweka bango mlangoni.