Je, wanafunzi hudanganya kwenye dodoso la dawa za kulevya?

Kila takwimu za bangi au pombe shuleni zinapotangazwa Nairobi, husikika jibu lile lile: mwanafunzi hawezi kusema kweli, kwa hiyo dodoso ni kazi bure. Sivyo. Ukweli wa majibu hutegemea sana namna anavyoulizwa.

Karatasi zikikusanywa na mwalimu wa nidhamu, au zikiwa na nafasi ya nambari ya usajili, wengi wataficha, na nani awalaumu? Ndiyo maana dodoso zuri halina jina, walimu hutoka darasani, madawati hutenganishwa, na kila mmoja huifunga karatasi yake ndani ya bahasha. Vitu hutajwa kwa majina ya mtaani, kama muguka (aina ya miraa), kuber (tumbaku isiyo ya kuvuta) na chang'aa, na matumizi huulizwa kwa vipindi vitatu: maishani, miezi 12 iliyopita, siku 30 zilizopita. Anayesema hajawahi kunywa pombe, kisha akajaza kwamba alikunywa mwezi huu, amejifichua. Wenye majigambo hutegewa dawa isiyokuwepo. Utafiti wa Ulaya wa ESPAD, ulioanza 1995, uliwahi kuuliza kuhusu "relevin", jina la kubuni. Waliodai kuitumia walikuwa wachache mno.

Kasoro kubwa iko kwingine. Dodoso humfikia aliyepo darasani tu. Aliyerudishwa nyumbani kwa karo, aliyesimamishwa na mtoro hawahesabiwi, na watoro kwa kawaida hutumia zaidi. Asilimia inayotangazwa basi yaelekea kuwa chini ya hali halisi. Kwenye ripoti, tafuta kwanza idadi ya waliokosekana siku hiyo.