Modeli za kompyuta darasani hazihitaji mwalimu awe mwanaprogramu

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya walimu: eti asiyejua kuandika programu hawezi kufundisha sayansi kwa modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazoiga jambo halisi. Si kweli. Lahajedwali ya kawaida (kama Excel) inatosha kuanzia.

Hakiki mwenyewe. Kwenye seli A1 andika 80, joto la maji kwa nyuzi za Selsiasi. Kwenye A2 andika =A1-0.05*(A1-25), 25 ni joto la chumba, na kila mstari ni dakika moja. Utapata 77.25. Buruta fomula hadi chini, chora grafu, kisha pima maji halisi kwa kipimajoto. Hiyo 0.05, yaani sehemu ya tofauti ya joto kati ya maji na chumba inayopotea kila dakika, ni makadirio tu. Irekebishe mpaka grafu ikaribiane na vipimo.

Watu huchanganya kuunda modeli na kuunda programu. Kinachokwamisha hasa si programu bali hatua ya muda, yaani muda kati ya mstari mmoja na unaofuata. Ukiruka dakika 30 kwa mkupuo, 0.05 inageuka 1.5, na maji “yanapoa” hadi -2.5 ndani ya chumba chenye nyuzi 25! (Wanafunzi hulipenda kosa hili.)

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.