Kwa nini kompyuta ya mwaka 1959 haiwashwi kwa kuichomeka tu?

Wateja wa mafundi redio wa Mtwara mjini wana sifa moja wanayoipenda: "Fundi, redio hii ya marehemu babu ilikaa kabatini miaka yote. Haijatumika, ni mpya." Imani hiyohiyo huzifuata kompyuta kubwa za kale. IBM 1401, kwa mfano, ilitangazwa mwaka 1959 na ilihitaji chumba chake yenyewe. Watu hudhani ukiipata leo ni kupangusa vumbi, kuchomeka, kuwasha. Sivyo. Kukaa bure huidhuru mashine hii, na baadhi ya sehemu zake zingetunzwa vizuri zaidi na kazi kuliko mapumziko.

Tusiseme habari ya panya, wala ya chumvi ya hewa ya bahari inayokula viunganishi. Mkosaji mkuu ni kapasita za elektroliti, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda, zilizopo kwenye sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu. Ndani ya kila kapasita mna utepe wa alumini uliokunjwa, uliovikwa ngozi ya oksidi na kulowekwa majimaji ya kemikali. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia umeme usipenye, na unene wake ni zaidi kidogo tu ya nanomita moja (sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa kila volti. Mashine ikitumika, ngozi hujirekebisha. Ikizimwa miaka mingi, hudhoofika.

Fikiria mashua iliyopandishwa ufukweni Mikindani msimu mzima. Haijapigwa na wimbi hata moja, lakini mbao zimekauka na maungio yameachana. Ukiipakia shehena na kuisukuma kilindini siku hiyohiyo, itazama. Mwenyewe huiacha kwenye maji haba, ivuje, naye akiyafua, mpaka mbao zinywe, zivimbe na nyufa zizibe. Kapasita nayo hupewa volti chache, kupitia rizista inayoubana mkondo. Mwanzoni umeme huvuja. Jambo la ajabu ni kwamba uvujaji huohuo ndio unaootesha oksidi mpya, na oksidi ikiota, uvujaji hupungua. Volti huongezwa polepole, kwa saa nyingi.

Si zote hupona, maana zilizokauka majimaji hazina dawa, na wapo mafundi wanaoona heri kuweka mpya tangu mwanzo. Ila kuchomeka moja kwa moja ni kuyachemsha majimaji hadi kapasita ipasuke. Ndiyo maana sehemu hiyo inayogeuza umeme hupimwa kwanza peke yake, kabla ya kuunganishwa na maelfu ya transista, yaani swichi ndogo za umeme, zilizotengenezwa kwa elementi ya jerimani, ambazo volti ikizidi huungua.

Computer History Museum ya Mountain View, California, ina IBM 1401 mbili zilizofufuliwa na zinazofanya kazi. Kumbukumbu za mashine hizo, yaani sehemu zinazohifadhi data, ni vipete vya feriti (kauri yenye usumaku), ambavyo hushika usumaku miaka na miaka bila umeme wowote. Kwa hiyo mashine iliyokufa inaweza kuwa bado imebeba data ya siku yake ya mwisho kazini. Ila kukisoma kipete ni kukifuta, na ni lazima saketi ziiandike data upya papo hapo. Saketi zikiwa mbovu, data hiyo husomwa mara moja tu, kisha haipo tena.