Mtoto akijifungia chumbani

Mimi ni fundi wa vitasa na milango, na simu za aina hii nazitambua kabla mtu hajajieleza: nyuma kuna mtoto analia na watu wazima watatu wanaongea kwa pamoja. Ya mwisho ilitoka Temeke. Mtoto wa miaka miwili kaingia chumbani, kasukuma mlango, kazungusha ufunguo ulioachwa kwa ndani. Dirisha lina nondo. Nilipofika, baba yake mdogo alishashika nyundo.

Nilimwomba aiweke chini. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango uleule, na mlango wenyewe unafungukia ndani. Bibi yake akazunguka dirishani, akawa anampigia makofi na kumwita mpaka akasogea. Nikachungulia tundu la kitasa: meno ya ufunguo yalikuwa yametazama chini, sawasawa na tundu. Ukikaa hivyo unasukumika. Nikapenyeza gazeti chini ya mlango hadi upande wa pili, nikausukuma ufunguo kwa waya mgumu, ukadondoka juu ya gazeti, nikalivuta taratibu.

Si kila siku ufunguo utakaa vizuri namna ile. Ndiyo maana nawasihi wazazi: mlango wowote ambao mtoto anaufikia, mtu mzima aweze kuufungua akiwa nje. Funguo za vyumbani zitoeni kwenye vitasa, mzitundike juu. Bafuni wekeni kitasa chenye kizungushio kwa ndani na mfuo kwa nje, ule unaozungushwa kwa sarafu. Komeo la ndani lililo chini ling'oeni. Kwa mlango mkubwa wa silinda, yaani kile kipande cha kitasa unamoingia ufunguo, silinda nyingi za kawaida hazipokei ufunguo wa nje ikiwa mwingine umo ndani, zipo zinazopokea. Jaribuni dukani kwa funguo mbili kabla ya kulipa.

Sasa urefu. Mtoto wa miaka miwili ana wastani wa sentimita 87, na mkono wa kitasa huwa kama mita moja kutoka sakafuni. Akinyoosha mkono anaushika, akiuning'inia mlango unafunguka. Kwa hiyo komeo la nje la bafuni, la kumzuia asiifuate ndoo ya maji, nalifunga mita 1.5 kwenda juu. Kigoda kisikae karibu.

Vidole ndivyo vinavyoniumiza zaidi. Watu huangalia upande wa kitasa, kumbe hatari kubwa iko kwenye bawaba. Mlango wa sentimita 80 ukisukumwa kwenye kitasa, kidole kilicho sentimita mbili kutoka kwenye bawaba kinabanwa kwa nguvu karibu mara 40 ya ile ya mkono wako. Upepo wa kusi ukiingia kupitia dirisha la mbele na kutokea la nyuma, mlango unajibamiza wenyewe, hakuna hata aliyeugusa.

Dawa ya haraka ya mlango unaojibamiza ni ndala iliyochakaa. Kata kipande, kichane katikati kama mdomo wa samaki, kivishe kwenye ukingo wa mlango upande wa kitasa, juu ambako mtoto hafiki, maana akikipata atakitia mdomoni. Mlango hautafika mwisho upande wa kitasa, ila upenyo wa kwenye bawaba bado unaweza kubana kidole.

Geti la kusukuma nalo likaguliwe leo: mwisho wa reli lazima kuwe na kizuizi kilichochomelewa. Kama hakipo, geti linaweza kutoka relini na kuanguka, na watoto hupenda kulisukuma. Mwite fundi wa kuchomelea kabla jua halijazama.