Kompyuta Iliyokarabatiwa: Hatari Ipo, Ila Si Pale Unapoitazamia

Ukimwuliza mtu kama inafaa kununua kompyuta iliyokarabatiwa, jibu huja haraka na huwa moja kati ya mawili: kwamba ni mali mbovu iliyofutwa vumbi, au kwamba ni sawa na mpya na tofauti ni bei tu. Yote mawili humponza mnunuzi. La kwanza humkimbiza kwenye mashine nzuri, na la pili humfumba macho mbele ya mashine ambayo angeikataa baada ya kuikagua kwa dakika kumi.

Dhana: Kompyuta hukarabatiwa kwa sababu iliharibika.

Ukweli ni kwamba nyingi hazikuwahi kuharibika. Kampuni na taasisi kubwa hununua au hukodi kompyuta kwa mkupuo, kisha huzibadilisha zote baada ya miaka mitatu au minne kwa kufuata ratiba ya wahasibu, hata kama bado zinapiga kazi vizuri. Ndiyo maana soko hili limejaa ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, ambazo ziliundwa kwa matumizi ya ofisi: bawaba zake ni imara, nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na watengenezaji wake hutoa hadharani miongozo ya ufundi inayoonyesha jinsi ya kutoa kila kipuri. Nyingine zilirudishwa na wateja siku chache tu baada ya kununuliwa.

Zipo pia, bila shaka, zilizowahi kufa zikafufuliwa, na shida ya neno "kukarabatiwa" ni kwamba linazibeba zote kwa pamoja. Karakana moja itabadilisha betri, itasafisha feni, itaweka diski mpya na kuiacha mashine ikipimwa usiku kucha. Nyingine itapangusa kioo kwa kitambaa na kubandika lebo mpya. Swali la kumwuliza muuzaji, basi, ni kitu gani kilibadilishwa, na kama anaweza kuliandika jibu hilo kwenye risiti.

Dhana: Daraja A maana yake ni nzima kabisa.

Herufi A, B na C ambazo wauzaji huzipangia mashine kwa kawaida huelezea sura: mikwaruzo, kona zilizobonyea, vitufe vilivyofutika maandishi. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana wauzaji wote, kwa hiyo A ya huyu inaweza kuwa B ya yule. Binafsi ningechagua yenye mfuniko uliochubuka na betri mpya kuliko inayong'aa ambayo haishiki chaji.

Dhana: Prosesa ya i7 daima huishinda i5.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha, na ni kosa linaloepukika kwa kusoma tarakimu chache. Alama ya i5 au i7, inayowekwa na Intel kwenye prosesa zake (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta), hueleza nafasi ya prosesa ndani ya kizazi chake tu. Kizazi chenyewe kimo kwenye namba inayofuata. Chukua prosesa mbili za laptopu: i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), ilhali i5-8250U ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, ina viini vinne. Anayelipa zaidi kwa sababu ya jina la i7 ameondoka na mashine dhaifu kuliko ile aliyoiacha.

Kizazi hicho kina uzito mwingine ambao hauhusiani na kasi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, huhitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache zilizoruhusiwa. Laptopu ya kizazi cha sita inayouzwa ikiwa na Windows 11 imewekewa mfumo huo kwa kuruka masharti, na Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Kwa anayetumia Linux, mfumo wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, hilo si kikwazo, na mashine hizo humhudumia kwa miaka. Kwa asiyeitumia, bei ndogo ni dalili ya kuulizia masasisho yataendelea hadi lini. Mac zenye prosesa za Intel nazo zinafikia mwisho: macOS Tahoe, mfumo wa Apple uliotoka 2025, ndiyo toleo la mwisho kuzipokea. Chromebook nayo, laptopu inayotumia mfumo wa Google, kila modeli ina tarehe yake ya kuacha kusasishwa, na tarehe hiyo haihesabiwi kuanzia siku uliyoinunua.

Dhana: Ikiwaka na kuchaji, betri ni nzima.

Betri ya lithiamu huchakaa kwa kutumiwa na huchakaa pia ikiwa imekaa tu. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, nawe utapata ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: ujazo ambao betri iliundwa nao na ujazo inaoufikia sasa ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 29,000, imebaki asilimia 58. Hilo lisikutishe ikiwa betri hubadilishwa kwa urahisi na bei imezingatia gharama hiyo. Linalopaswa kukutisha ni betri iliyovimba. Weka laptopu kwenye meza iliyonyooka: ikiyumba, au pedi ya kipanya ikiwa imeinuka na haibofyeki sawasawa, usiichukue kwa bei yoyote, kwani betri ya aina hiyo inaweza kushika moto.

Dhana: Hatari kubwa ni virusi vya mtumiaji wa awali.

Virusi vya kawaida huondoka diski inapofutwa na mfumo kuwekwa upya, kazi unayopaswa kuifanya mwenyewe hata kama umeambiwa imeshafanyika. Kinachosumbua zaidi ni kufuli. Mashine ya kampuni inaweza kuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa mwajiri wa zamani, na MacBook inaweza kuwa bado imefungwa na akaunti ya mtu. Dukani itawaka, itacheza video, itakupendeza. Miezi sita baadaye unairudisha kwenye hali ya kiwandani, unaiunganisha na intaneti, na ukurasa wa kwanza unakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua, ukidai baruapepe ya kazini na nywila. Kubadilisha diski hakusaidii, kwa kuwa usajili hutambua mashine yenyewe. Dawa ni kuifanyia hatua hiyo mbele ya muuzaji, ikiwa kwenye intaneti, kabla hujalipa. Na hapohapo uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, uone kama inadai nywila.

Dhana: Mpya haina hatari.

Vifaa vya elektroniki vina tabia ya kuharibika mapema sana au baada ya kuchakaa, na mashine iliyofanya kazi miaka mitatu imeshavuka kipindi cha kwanza. Zaidi ya hayo, laptopu mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC, ya aina ya bei nafuu isiyoweza kuongezwa, ilhali kwa fedha zilezile unaweza kupata ya ofisi yenye SSD, hifadhi ya kasi zaidi, na nafasi ya kuongeza RAM. Mpya huishinda kwenye dhamana, na ni ushindi wa kweli. Kwa hiyo anayeuza iliyokarabatiwa adaiwe dhamana ya maandishi inayotaja muda, vipuri vinavyohusika, nani atalipia usafirishaji, na siku ambazo unaweza kuirudisha na kupewa fedha zako badala ya mashine nyingine ya aina ileile. Bila karatasi hiyo, mimi singenunua.