Saruji tunayoimwaga kwa hofu

Mchemraba wa kupimia zege una sentimita 15 kila upande na uzito wa kilo 8 hivi. Unaupandisha kwenye mashine ya kukandamizia, unafunga mlango wa wavu, pampu inaanza kunguruma na namba zinapanda. Zege zuri hutoa taarifa kabla ya kuvunjika. Kwanza unasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachokatika, kisha pande zinaanza kubanduka vipande, na ukiutoa unakuta umebaki na kiuno chembamba katikati, umbo la kinu.

Nakumbuka vizuri mchemraba ulionibadilisha. Mchoro wangu ulidai nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita mraba. Kwa kuwa zege halitoki sawasawa kila siku, hulengwa juu kidogo, kama 33, ili hata mchanganyiko wa siku mbaya usishuke chini ya 25. Mashine ilisoma 46. Wa pili 44, wa tatu 47. Msimamizi alifurahi, fundi alifurahi, na miaka michache nyuma nami ningefurahi. Siku hiyo nilienda kwenye daftari la stoo. Kila mita ya ujazo ilipewa kilo 420 za saruji mahali ambapo 320 zingetosha, na jengo zima lilikuwa na mita za ujazo 900. Hizo ni tani 90 za saruji ambazo hazikubeba kitu chochote isipokuwa wasiwasi wetu.

Mimi ni mhandisi wa miundo. Ujenzi wa kaboni kidogo, yaani unaotoa hewa ukaa kidogo, unapozungumzwa, mazungumzo hukimbilia kwenye paneli za jua, taa na viyoyozi. Hayo ni muhimu, kwa sababu jengo hula umeme miaka yote ya uhai wake. Lakini kuna kaboni nyingine inayokwisha kutoka kabla mtu wa kwanza hajawasha taa: ile ya saruji, nondo, matofali, vioo na lami. Hiyo ikishatoka haina marekebisho, na sehemu yake kubwa huamuliwa na watu wa kazi yangu.

Saruji ndiyo inayoniumiza zaidi, na sababu yake iko ndani ya jiwe lenyewe. Chukua kilo 100 za jiwe safi la chokaa, uzichome mpaka zigeuke chokaa hai. Kitakachobaki tanurini ni kilo 56. Kilo 44 nyingine zimeondoka hewani kama hewa ukaa. Hazikutoka kwenye kuni, makaa ya mawe wala gesi. Zilikuwa sehemu ya jiwe. Kiwanda cha saruji hufanya kazi hiyo kisha huendelea kupandisha joto hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi, ili chokaa iungane na udongo na kuwa klinka, zile gololi nyeusi za kijivu zinazosagwa na kuwa unga tunaoujua. Kwa hesabu za jumla, kiasi cha asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe na iliyobaki kwenye moto. Kwa hiyo hata ukipata moto safi kabisa, sehemu kubwa ya tatizo inabaki palepale. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na kazi hiyo peke yake huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza ni kwa nini tunaimwaga nyingi kuliko inavyohitajika. Nimelifuatilia swali hilo, na mara nyingi naishia kwenye ndoo ya maji.

Zege linapochanganywa vizuri huwa zito, halitiririki, linataka kusukumwa kwa koleo na kutikiswa kwa vibreta. Fundi ameshika koleo tangu alfajiri, jua limepanda, na nondo zimesongamana kwenye kona ya bimu. Anakwambia, "Injinia, hili gumu, halishuki." Kabla hujajibu, kijana wa pembeni ameshamimina ndoo. Mfuko wa kilo 50 ulipaswa kupata maji lita 25; sasa una 35. Zege linashuka vizuri, kila mtu anapumua. Lakini saruji ina kiasi chake cha maji inachoweza kuungana nacho, nacho ni chini ya nusu ya uzito wake. Yanayozidi hubaki yamekaa tu, baadaye yanakauka na kuacha vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Mmarekani Duff Abrams alilithibitisha hili mwaka 1918: zege lililoshindiliwa vizuri hupata nguvu yake kutokana na uwiano wa maji na saruji. Ndoo hiyo moja yaweza kuondoa theluthi ya nguvu.

Mhandisi anaijua ndoo. Hawezi kusimama pale saa zote, kwa hiyo akiwa ofisini anaandika saruji nyingi zaidi, ili hata ndoo ikimwagwa jengo lisianguke. Msambazaji wa zege naye hauamini mchanga wake, anaongeza kidogo. Mkandarasi anataka kuvua mapema mbao zinazoshikilia zege bichi, anaongeza tena. Kila mmoja ametia hofu yake kwenye mchanganyiko, na hofu zote zina uzito wa kilo.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Zege likiwa gumu, kuna vilainishi maalumu, kiasi kidogo tu kwa kila mfuko, vinavyolifanya litembee bila kuongezewa maji. Koni ya kupimia mshuko wa zege inabebwa na mtu mmoja, na kipimo huchukua dakika chache. Baada ya kumwaga, zege linyweshwe maji angalau siku 7, kwa sababu saruji isiyopata unyevu huacha kazi katikati. Nimeona slabu, yaani sakafu ya zege, ikifunikwa kwa magunia yaliyolowa siku ya kwanza, na siku ya tatu magunia yote yamekauka kama karatasi kwa sababu hakuna aliyepewa jina la kuyamwagilia. Sasa naandika jina hilo kwenye mpango wa kazi, siku kwa siku.

Mezani nako kuna hofu zake. Mwenye jengo anataka ukumbi usio na nguzo, "labda siku moja tutauhitaji." Nguzo zikiwa mita 5 kutoka moja hadi nyingine, slabu ya sentimita 20 kwa kawaida hutosha. Ukizisogeza hadi mita 8, unaelekea sentimita 30, kwa sababu kubonyea kwa slabu hukua haraka mno kuliko urefu inaoruka. Hapo zege la kila ghorofa limeongezeka kwa nusu, na uzito huo unashuka kwenye nguzo na misingi, nayo inanenepa. Halafu zege la upande wa chini wa slabu halibebi karibu chochote. Kazi yake kubwa ni kuzishika na kuzifunika nondo. Ndiyo maana slabu zenye mbavu au zenye matofali matupu ndani zinaleta maana. Zinataka kazi zaidi ya mikono, na mimi naona hiyo ni biashara nzuri. Siku hizi namchorea mwenye jengo michoro miwili, yenye nguzo hiyo moja na isiyo nayo, na tani zikiwa zimeandikwa chini ya kila mmoja. Wengi huichukua nguzo.

Kuhusu chuma sitasema mengi. Kinachotengenezwa kwa madini na makaa ya mawe hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa kwa tani moja; kinachoyeyushwa kutoka vyuma chakavu kwa umeme hutoa kidogo sana, hasa umeme huo ukiwa safi. Ulizia asili yake kabla ya kununua. Mbao nazo zimefika mbali: jengo la Mjøstårnet nchini Norway, lililokamilika mwaka 2019, lina ghorofa 18 na urefu wa zaidi ya mita 85, na mihimili yake mikuu ni ya mbao zilizogundishwa. Naliheshimu, lakini mbao zina maana pale tu msitu unapopandwa upya na kutunzwa. Msingi, daraja na kalavati vitaendelea kudai zege.

Basi zege lenyewe libadilike. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, bado limesimama baada ya karibu miaka 1,900, bila nondo hata moja. Leo tunafanya jambo la jamii hiyohiyo kwa slagi, yaani mabaki ya tanuri za chuma, na majivu ya makaa ya mawe, ila vyote viwili vitapungua kadiri tanuri na mitambo hiyo inavyofungwa. Udongo hautaisha. Karen Scrivener wa chuo cha EPFL huko Lausanne, pamoja na watafiti wa Cuba na India, wameendeleza saruji iitwayo LC3: nusu klinka, asilimia 30 udongo wa mfinyanzi uliochomwa, asilimia 15 jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, na 5 jasi. Udongo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na haubebi hewa ukaa ndani yake kama jiwe la chokaa. Kinachotoka ni mvuke wa maji. Hewa ukaa inapungua kwa takriban asilimia 30 hadi 40.

Udongo wenye madini ya chuma huifanya saruji hiyo iwe na wekundu, na hapo ndipo nakutana na hofu tena. Nimeambiwa usoni kwamba saruji nyekundu ni ya kuchakachuliwa. Kubishana hakusaidii, tunatengeneza michemraba pamoja, tunaivunja pamoja, kila mtu anasoma namba mwenyewe. Jambo jingine ni subira. Saruji nyingi zilizochanganywa, hasa zenye slagi au majivu, hukua polepole, ilhali desturi ni kuhukumu zege siku ya 28. Msingi wa jengo refu hautapata mzigo wake kamili kwa miezi mingi. Nikiandika kwamba upimwe siku ya 56, klinka inapungua na usalama haupungui hata kidogo.

Yote haya hayana faida kama tunabomoa mapema. Hewa ukaa huingia polepole kwenye zege na kupunguza ule ukali wa chokaa unaozilinda nondo na kutu. Safari yake hufuata kanuni moja nzuri: kina kikiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne. Hivyo vile vipande vidogo vya zege tunavyovipachika chini ya nondo ili zisilalie mbao ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa kwenye saiti nzima. Fundi akivisahau, nondo inakaa milimita 15 kutoka usoni badala ya 30, na muda wa kulindwa unabaki robo.

Mara ya mwisho nilipoitwa kukagua jengo lililopangwa kubomolewa, lilikuwa na miaka 36. Plasta imepasuka, mabomba yameoza, madirisha mabovu, na kila aliyelitazama alisema limechoka. Tulichimbua mashimo madogo kwenye nguzo na bimu, tukapulizia fenoftaleini, dawa ya kupimia ule ukali wa chokaa. Zege ambalo bado lina ukali wake hugeuka rangi ya waridi iliyokolea. Lililokwisha hubaki kijivu. Nikaweka rula kwenye shimo la kwanza: kijivu kwa milimita 15, kisha waridi. Nondo zilikuwa milimita 30 ndani, safi, bila doa la kutu. Karibu mashimo yote yalitoa jibu hilohilo, na kwa kanuni ya mara nne, hewa ukaa ingezifikia nondo hizo jengo likiwa na miaka 144. Kwenye bimu mbili za upande wa vyoo waridi haikuonekana kabisa, na hizo tulizikarabati. Mwenye jengo aliinama, akatazama shimo kwa muda mrefu, akaniuliza kama rangi ile ingefutika. Nikamwambia itafifia yenyewe. Fremu yote imebaki.