Harakati za Tabianchi ni Nini? Maelezo kwa Wakazi wa Kandokando ya Ziwa Victoria

Harakati za tabianchi ni juhudi za watu wengi, wa nchi nyingi, wasio na chama kimoja wala kiongozi mmoja, za kuzishinikiza serikali na kampuni zipunguze gesi joto (zile zinazoongeza joto la dunia) na ziwalinde wanaoathirika. Shinikizo hilo lina sehemu tatu: dai linaloeleweka, mwenye mamlaka ya kulitekeleza, na watu wanaolirudia mpaka lijibiwe. Kupanda miti peke yake hakutoshi. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 kwa miche, lakini uzito wake ulionekana 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Halikujengwa.

Baada ya mkataba wa tabianchi wa Rio wa 1992, suala la tabianchi lilibaki kwa miaka mingi mikononi mwa wataalamu na wajumbe wa mikutano. Mkutano wa Copenhagen wa 2009 ulipokwisha bila makubaliano yenye nguvu ya kisheria, wengi waliona kwamba bila watu mitaani viongozi hawatasogea. Agosti 2018 Greta Thunberg, akiwa na miaka 15, aligoma kwenda shule, akakaa nje ya bunge la Sweden na bango lake. Januari 2019 Vanessa Nakate akaanza kusimama na lake Kampala. Septemba mwaka huo mamilioni waliandamana duniani kote. Mgomo ule, uliokuja kufanywa kila Ijumaa, ulienea haraka kwa sababu haukuhitaji ada, ofisi wala kibali cha makao makuu. Ilitosha kuwa na Ijumaa, bango na simu. Wepesi huohuo ukawa udhaifu: korona ilipofunga shule na mitaa mwaka 2020, makundi mengi hayakuwa na muundo wa kuyashikilia.

Wengine walikuwa wameshageukia mahakama. Desemba 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya Uholanzi ilithibitisha amri ya kuitaka serikali ipunguze gesi joto kwa angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza na wazo la darasani mwaka 2019. Vanuatu, mojawapo ya nchi za visiwa hivyo, ikalibeba hadi Umoja wa Mataifa, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kuhusu wajibu wa mataifa katika kulinda tabianchi. Miaka sita, kwa dai moja.

Kwetu ziwani, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ndiyo maana mvua ikizidi, ziwa hupanda, kama Mei 2020 lilipofikia kina kilichopita rekodi ya 1964 na maji yakavamia mialo na nyumba za ufukweni. Lakini si kila tatizo la ziwa ni la tabianchi, na hapa ndipo makundi mengi hukosea. Gugu maji hustawi kwa virutubisho vya majitaka na mbolea. Sangara hupungua kwa uvuvi uliopitiliza na nyavu haramu. Anayeitupia tabianchi lawama zote humpa nafasi ya kukwepa yule mchafuzi aliye karibu.

Dai zuri la hapa ni la wanawake wanaoanika dagaa. Mvua zisizotabirika huwakuta dagaa wakiwa mchangani, wakaoza au wakaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Chanja zilizoinuliwa na turubai la kufunika hupunguza hasara hiyo. Kwa Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani, ikitaja mwalo, idadi ya wachakataji na idadi ya chanja zinazohitajika. Barua ya kudai “tuokoe mazingira” haina wa kuijibu.

Mkiamua kuandamana huku Tanzania, taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, ikieleza mahali, muda na lengo. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.